Damu Ifunikwayo kwa Udongo

Somo: Mambo ya Walawi 17:13



Mwezi huu nataka tuliangalie neno ambalo pengine hamjalisikia likihubiriwa. Limo katika kitabu cha Walawi, kitabu ambacho wengi wetu hukipita mbio kama msafiri apitaye katika shamba la mwenziwe. Musa aliwaagiza wana wa Israeli, na wageni wakaao kati yao pia, ya kuwa mtu akiwinda mnyama au ndege aliye halali kuliwa, sharti aimwage damu yake na kuifunika kwa udongo. Agizo ni hilo tu. Hakukatazwa kuwinda, wala hakukatazwa kula. Lakini kabla ya kuitia nyama begani hana budi kuinama, kushika udongo kwa mkono wake, na kuifunika damu ya yule aliyemwua. Sababu yake yaelezwa katika mstari ufuatao, kwamba uhai wa kila chenye mwili umo katika damu yake. Basi mwindaji amepewa nyama; uhai hakupewa. Uhai una Mwenyewe, naye hurudishiwa.

Nimelichagua neno hili kwa sababu ya jambo lililonipata mimi mwenyewe, nami nitawaeleza bila kujificha.

Watu wa usharika wetu wajua ya kuwa siku ya Jumatatu, iliyo siku ya mapumziko ya mchungaji, hawanikuti nyumbani. Hunikuta kwa mzee mmoja mhunzi, chini ya mwembe, nikifua visu. Kazi hii nilianza kwa kujifurahisha tu, kama mwingine apendavyo kuvua samaki kwa mshipi. Twachukua kipande cha springi ya lori kuukuu, maana hicho ni chuma cha pua. Mivukuto huvuvia makaa hata chuma kikawa chekundu, ndipo hulazwa juu ya fuawe na kupigwa nyundo, kisha hulainishwa kwa tupa. Baada ya hayo hutiwa moto tena na kuchovywa katika mafuta. Hapo mjinga hudhani kazi imekwisha, kwa kuwa kisu kimekuwa kigumu. Walakini ni kigumu mno. Kikianguka juu ya jiwe chaweza kuvunjika kama kigae. Kwa hiyo mzee hukirudisha penye moto kidogo kidogo, hata ubapa uliosuguliwa ukageuka rangi ya majani makavu. Ndipo kinapopata ugumu pamoja na uvumilivu. Mpini twautengeneza kwa mti wa mpingo, na ala kwa ngozi ya ng'ombe.

Kijana mmoja wa darasa la kipaimara alikuwa akija kutuvukutia. Alikuwa mwepesi wa mkono na mwenye jicho zuri. Kwa manati aliweza kuangusha embe lililo juu kabisa bila kugusa jani. Siku aliyopokea kipaimara nilimpa kisu nilichokifua mwenyewe, tena kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyopata kufanya. Nikamwambia akitunze, asikiache kishike kutu. Hayo ndiyo maonyo yote niliyompa.

Miaka ikapita, akaoa, akajenga kandokando ya pori. Ikaja sikukuu ya mavuno. Watu wakaleta mbele ya madhabahu mihogo, ufuta, nazi na kuku, kila mtu kama alivyojaliwa. Yule kijana akaleta paja la nyama lililofungwa kwa majani ya mgomba. Niliona wazi ya kuwa si nyama ya mbuzi, nami sikuuliza. Nikaibariki pamoja na matoleo mengine. Baada ya ibada ukafanywa mnada kama desturi, mzee mmoja akainunua kwa shilingi 40,000, na jioni akanialika kwake. Nikala, na ilikuwa tamu.

Siku ya tatu, usiku, kijana akabisha hodi mlangoni pangu. Akaketi, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, “Baba Mchungaji, ile nyama ilikuwa ya kuro.” Akanieleza yote. Alikuwa ametega tanzi saba za waya katika njia ambayo wanyama huishika kwenda majini. Tanzi ya kwanza ilipomnasa kuro dume, akamchuna, akauza nyama kwa siri, na paja akamletea Mungu. Kisha akashikwa na homa, asiweze kwenda kuziangalia nyingine. Alipopata nafuu akaenda, akakuta mizoga miwili iliyooza. Mmoja ulikuwa wa kuro jike, na ndama wake amelala kando yake, naye amekufa kwa kukosa maziwa. Alipokwisha kunena akachomoa kisu katika ala, akakiweka juu ya meza yangu. Kilikuwa kisu changu. Hakikuwa na kutu.

Wapendwa, nilihubiri Jumapili nyingi kabla ya usiku ule, lakini sijapata kuhubiriwa kama nilivyohubiriwa na kisu kile. Nataka mjue mambo matatu niliyojifunza.

La kwanza ni habari ya mkono. Watu husema chombo hakina kosa, mwenye kosa ni akitumiaye. Neno hili ni kweli, lakini tusilifanye kuwa kichaka cha kujifichia. Mimi nilimfundisha kijana kupata makali, kuogopa moto, kupima rangi ya chuma. Habari ya damu sikumfundisha. Nilimpa kitu kiwezacho kutoa uhai, nikanyamaza kuhusu Mwenye uhai. Wahenga wetu walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Waliona ya kuwa mtu hujua uchungu wa chuma akiwa yeye ndiye achomwaye. Musa ataka tujue tungali tumeshika mpini. Mzazi ampaye mtoto manati, na mjomba amfundishaye kutega, na mtu amkabidhiye mwanawe bunduki kwa kibali cha serikali, wote na wafundishe mambo mawili pamoja, namna ya kupiga na namna ya kuinama baada ya kupiga.

La pili ni habari ya shabaha. Katika Waamuzi 20:16 twasoma juu ya watu 700 wa Benyamini, wote wa mkono wa kushoto, ambao waliweza kutupa jiwe kwa kombeo wakalenga unywele mmoja wasiukose. Chuoni tulifundishwa ya kuwa neno la Kiebrania lililotumika pale kwa kukosa shabaha ndilo litumikalo mahali pengine kwa kutenda dhambi. Wala hatuna haja ya kwenda mbali hata Kiebrania, kwa kuwa Kiswahili chetu kinasema vivyo hivyo. Aliyekosa shabaha amekosa, na aliyemtenda mwenzake vibaya amekosa, na vyote viwili twaviita kosa.

Kwa hiyo msimcheke mtu ajizoezaye kulenga shabaha, iwe kwa upinde au kwa bunduki, akipiga kibao au shina la mgomba. Mazoezi hayo ni huruma. Mwindaji asiyejizoeza humjeruhi mnyama akamwacha akimbie msituni, afe kwa siku tatu katika maumivu yasiyomfaa mtu yeyote. Mwindaji mwema hukaribia, hutazama, huchagua. Hujisemea moyoni, huyu ni dume, si jike mwenye mtoto. Nyuma yake hakuna mtu. Naweza kumwangusha mara moja. Akiona shaka hushusha mkono. Hata katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7 Mungu amemwekea mpaka yule aonaye kiota njiani, asimtwae mama pamoja na makinda.

Lakini waya una jicho gani? Haumjui jike wala dume, mwenye mimba wala ndama. Humshika kila apitaye, na mtegaji amelala nyumbani kwake. Ndiyo maana nasema ategaye waya hawindi. Amekataa kutazama, na asiyetazama hawezi kuinama kufunika damu, kwani hata hajui damu ilimwagika wapi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza tanzi na mashimo na sumu. Lakini Mkristo angaliweza kujua ubaya wake kwa neno hili moja la Walawi.

La tatu ni habari ya damu isiyofunikwa katika nchi yetu. Bagamoyo si mji mgeni katika jambo hili. Katika karne ya kumi na tisa misafara iliteremka hapa kutoka Ujiji na Tabora ikichukua pembe za ndovu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wenye kulipwa ujira, na katika njia zile zile walipita watumwa wenye minyororo shingoni. Pembe zikavuka kwenda Unguja, na kutoka huko kwenda Uhindi kufanywa bangili za maharusi, na Ulaya na Marekani kufanywa funguo za piano na mipira ya biliadi. Huko Connecticut, Marekani, uko mji mdogo uitwao Ivoryton, maana yake mji wa pembe, kwa kuwa watu wake waliishi kwa kazi hiyo. Yule aliyeketi kupiga piano hakuona damu. Ilikuwa imebaki huku, nasi tuliona fedha tu.

Wala tusiseme hayo ni ya wazee. Tembo waliohesabiwa Tanzania mwaka 2009 walikuwa wapatao 109,000. Walipohesabiwa tena mwaka 2014 walisalia 43,000 na kidogo. Ni miaka mitano tu. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Na hawa waliochovya, wengine wao walikuwa wamebatizwa.

Najua baadhi yenu mnanung'unika mkisoma haya, tena manung'uniko yenu si ya kipumbavu. Mwasema, “Mchungaji, nguruwe wamekula mihogo yangu, nyani wameng'oa mahindi, tembo amepita shambani usiku mmoja na jasho la mwaka likaisha. Mgeni mwenye fedha huja na bunduki na kibali, akapiga picha na mnyama aliyemwua. Mtoto wangu akipata kitoweo huitwa jangili.” Ndugu zangu, jambo hili lina mizizi mirefu. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kuwinda kwa leseni, na mtu aliyelala usiku ule akiwa mwindaji kama babu yake akaamka asubuhi akiwa mkosaji. Uchungu huo haujaisha katika mioyo ya watu. Walakini tangu Septemba 1961, Nyerere alipotoa Tamko la Arusha juu ya wanyamapori, nchi yetu wenyewe ilikubali kuwatunza kwa ajili ya watoto wa watoto wetu. Saadani, iliyokuwa pori la akiba tangu 1969, imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2005, nasi watu wa pwani tumewekwa kuwa majirani wa mahali ambapo simba aweza kusikia mawimbi ya bahari.

Basi aliyeonewa na aseme. Na aende kwenye mkutano wa kijiji, anene mchana, tena mchungaji wake na asimame pamoja naye. Raia naye aweza kuomba kibali cha kuwinda, na tangu mwaka 2020 zimewekwa kanuni za mabucha ya nyamapori. Ikiwa njia hizo ni ndefu na ngumu kwa maskini, na tuseme hivyo mbele ya wakubwa bila hofu. Lakini madai ya haki hayasemwi kwa waya uliofichwa majanini. Ndama yule wa kuro hakukutoza kodi, wala hakula muhogo wako.

Sasa narudi kwenye habari yangu. Nilikusanya baraza la wazee, kwa maana zile shilingi 40,000 zilikuwa bado katika sanduku la kanisa. Tukabishana tangu alasiri hata magharibi. Mmoja akasema fedha ni fedha, Mungu ataitakasa. Mwingine akasema zirudishwe. Mwingine akasema zitolewe sadaka kwa wagonjwa. Ndipo mzee mmoja asiyesoma sana, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, “Na yule kijana yuko wapi sasa hivi?” Hakuna aliyejua. Nikakumbuka Mathayo 27, jinsi wakuu wa makuhani walivyoviokota vile vipande thelathini vya fedha wakajadiliana kwa uangalifu mwingi vitiwe wapi, na yule aliyevitupa amekwisha kwenda kujinyonga peke yake. Wapendwa, niliogopa. Tulikuwa tukifanya shauri la fedha, na mtu tulikuwa tumemsahau.

Tukainuka, tukaenda kwake usiku ule. Tulimkuta uani, na mkewe analia ndani.

Asubuhi yake alikwenda kwenye ofisi ya kijiji kwa miguu yake mwenyewe, mimi upande mmoja na yule mzee upande wa pili, akaeleza alilolifanya. Kisha askari wa wanyamapori wa kijiji akatuongoza mpaka penye zile tanzi. Tukaziondoa zote saba. Mifupa ya kuro na ya ndama ilikuwa imetawanywa na fisi. Kijana akapiga magoti, akachimba kwa mikono, akaikusanya akaifunika. Hakuna aliyemwamuru. Nami nikapiga magoti kando yake nikashika udongo, kwa kuwa nilikula.

Shauri lake liko mbele ya sheria, wala silisemi zaidi. Sikumwahidi ya kuwa toba itamwondolea adhabu ya wanadamu. Wazee wameshika zamu ya kumlimia mkewe, na zile shilingi 40,000 zimetumika kununua mbegu ya shamba hilo. Kama tulikosea katika hilo, Bwana atusamehe.

Enyi waalimu na wainjilisti, nanyi mwasimama mbele ya madhabahu na kupokea matoleo. Ulizeni. Kuuliza si kumdharau mtoaji. Asiyeuliza ndiye amdharauye, maana amejali paja kuliko mtu. Wavulana wenu wafundisheni kazi za mikono na kulenga shabaha mahali pa wazi, wapate furaha isiyohitaji giza. Na mtu akija usiku na kisu mkononi akakiweka mezani, msimwulize kwanza habari ya fedha.

Neno la mwisho, nalo ndilo kubwa. Damu ya mnyama ilifunikwa kwa udongo ili inyamaze, maana uhai umerudi kwa Mwenyewe. Damu ya Habili haikunyamaza. Ilimlilia Mungu kutoka katika ardhi. Lakini iko damu nyingine iliyomwagwa nje ya mji, hadharani, mbele ya askari na wapita njia, wala Mungu hakutaka ifunikwe. Waraka kwa Waebrania, 12:24, watufundisha ya kuwa hiyo husema mema kuliko ile ya Habili. Habili alilia apatilizwe kisasi; Kristo asema tusamehewe. Aliyeimwaga damu kwa siri na aje kwa hii iliyomwagwa wazi. Kisu cha yule kijana kingali mezani pangu. Nimekinoa, nimekipaka mafuta, nangoja siku ya kumrudishia. Na siku hiyo, Bwana akitujalia, nitampa maonyo yote niliyosahau siku ya kwanza.

Ee Bwana, Mwenye uhai wote, utufundishe kuinama. Utusamehe damu tuliyoimwaga na ile tuliyoila tusiulize. Uwalinde walio shambani na walio porini, watu na wanyama, na uwarudishe nyumbani waliopotea. Amina.